Viatu vya Mahafali

Ratiba alikuwa amechapisha karatasi nne, moja ya kila mtu, zenye miji mitatu, saa za treni na dakika za kwenda msalani. Jina hilo wenzake walimpa wiki ya kwanza tu ya masomo, na halikumbanduka. Alikuwa binti wa miaka ishirini na mbili ambaye, kwa maneno ya mama yake mwenyewe, hajawahi kuchelewa jambo lolote. Hata kuzaliwa aliwahi wiki mbili.

"Dakika sita msalani?" Profesa alisoma kwa sauti. "Na nikimaliza saba?"

"Treni itakuacha umeshika suruali."

"Shangazi, unamsikia huyu?"

"Namsikia. Mwaka huu wote ndilo neno la maana nililosikia kutoka kwenu."

Shangazi hakuwa na undugu na yeyote kati yao. Alikuwa na miaka thelathini na tisa, watoto wawili aliowaacha kwa dada yake, na miaka kumi na mmoja ya kushona na kubandika soli kwenye kibanda alichoachiwa na baba yake, fundi viatu. Halafu akapata diploma, halafu akapata ufadhili, na sasa alikuwa nchi ya watu, darasa moja na vijana ambao angeweza kuwatuma dukani. Walisomea kutengeneza miguu bandia. Profesa aliitwa hivyo kwa sababu hakuna swali lililompita bila kujibu, awe anajua au hajui. Wa nne alikuwa msichana waliyemwita Kimya. Huyo alitumia maneno matatu kwa siku, na siku nyingine yalibaki.

Kwa wale watatu, safari ya wikendi ilikuwa matembezi. Ijumaa mji wa kwanza, kwenye jumba la makumbusho. Jumamosi asubuhi mji wa pili, dakika arobaini tu za kubadilisha treni. Jumamosi mchana mji wa tatu, wenye mto na daraja la kupigia picha. Kwa Shangazi, mji wa tatu haukuwa na mto wala daraja. Ulikuwa na karakana, na ndani ya karakana kulikuwa na mkuu wake, na mkuu huyo alikuwa amempa miadi saa nane kamili.

Chuo kilitaka kila mwanafunzi ajitafutie karakana ya kufanyia kazi miezi sita. Mwisho wa mwezi ukifika huna karakana, cheti huna, na tiketi ya kurudi nyumbani unapewa siku hiyo hiyo. Vijana walishapata zamani. Shangazi alikuwa amekataliwa mara mbili. Karakana ya kwanza ilimwambia ana umri mkubwa kuliko fundi wao mzee. Ya pili ilimwambia kazi ile inataka mikono ya ujana. Aliwaonyesha mikono yake, wakaitazama, wakamshukuru kwa kuja. Zilibaki siku tisa.

Ijumaa usiku katika nyumba ya wageni alilala kitanda cha chini, Ratiba akiwa juu yake, na kabla ya kulala alirudia kwa sauti ndogo maneno ambayo angemwambia mkuu wa karakana. Aliyasema kwa lugha ya wenyeji, aliyojifunza kwa miezi saba huku akijing'ata ulimi.

"Punguza 'samahani'," Ratiba alisema kutoka juu. "Umeomba radhi mara nne na hujamkosea mtu."

"Lala wewe."

Asubuhi walishuka kwenye stesheni ya mji wa pili saa nne na nusu. Ilikuwa stesheni ya kawaida: saa kubwa ukutani, viti vya chuma, kibanda cha chai, na sakafu ndefu iliyonyooka kama rula. Profesa alikuwa hajamaliza kipande cha kwanza cha mkate alipoacha kutafuna.

"Muoneni yule."

Mwanamke mmoja wa makamo alikuwa akitembea kutoka nguzo hadi nguzo, anafika, anageuka, anarudi. Alivaa viatu vyeusi vipya vyenye kisigino, na mkononi alining'iniza mfuko wa plastiki. Kila alipokanyaga, goti lake la kushoto liliruka mbele kama mtu aliyesukumwa kwa nyuma, naye akajishika nguzoni.

"Mguu bandia, chini ya goti," Profesa alisema. "Kifundo kimelala mbele."

"Si mgonjwa wetu," Ratiba alisema. "Tuna dakika thelathini na moja."

Lakini Kimya alikuwa ameshasimama, na Shangazi ameshatangulia. Hayo ndiyo yalikuwa maradhi yao wote wanne. Miezi saba ya kufundishwa kutazama watu wanavyotembea ilikuwa imewaharibu. Sokoni hawakuona bidhaa, waliona nyonga. Kwenye makumbusho jana yake Profesa alikuwa ametazama sanamu moja kwa robo saa nzima, kisha akasema mguu wa kulia ni mfupi.

"Dada, samahani," Shangazi alianza. "Sisi ni wanafunzi wa miguu."

"Wanafunzi wa nini?"

"Miguu. Kama huu wako."

Yule mwanamke alitazama chini, akacheka. "Kumbe naonekana?"

"Umeonekana toka kule msalani."

Walikaa naye kwenye kiti cha chuma. Alikuwa mpiga pasi kwenye kiwanda cha dobi nyuma ya stesheni, na zamu yake ilianza saa saba. Bintiye alikuwa anahitimu uuguzi Jumamosi ijayo, na ndiye aliyemnunulia vile viatu kwa mshahara wake wa kwanza wa kibarua. Yeye alitaka jambo moja tu: kuukata ukumbi wote kutoka mlangoni hadi kiti cha mbele bila kushikwa mkono na mtu. Ndiyo maana alikuja kufanya mazoezi stesheni. Nyumbani hakuna sakafu ndefu hivyo.

"Na goti linakutupa," Shangazi alisema.

"Linanitupa kama deni."

Profesa alishatoa ufunguo wake mdogo uliopinda shingo, ule wa kukazia skrubu za kifundo. Hakutembea bila huo. Shangazi alimzuia mkono, akatoa penseli sikioni, akachora mstari mwembamba kwenye chuma, juu na chini ya kifundo, ili ijulikane kilikuwa kimekaaje kabla hawajakigusa. Baba yake hakuwahi kufungua hata buti la mtoto bila kulichora kwanza.

"Haya. Geuza robo. Tena robo. Basi, hapo hapo."

Mwanamke alisimama. Akatembea nguzo ya kwanza. Akapita ya pili. Goti lilitulia kabisa. Alipogeuka, alikuwa ameuweka mkono mdomoni.

"Dakika nne!" Ratiba alipiga kelele.

Walikimbia. Mpiga pasi aliwapungia mfuko wake wa plastiki mpaka treni ikakunja kona, nao walikaa vitini mwao wamevimba vichwa kama madaktari bingwa.

"Robo mbili tu," Profesa alisema. "Robo mbili! Walimu wangeandika kurasa kumi."

Treni ilikuwa imekwenda kama robo saa Shangazi alipoamua kuvaa viatu vyake vya miadi. Alivifunga kwenye gazeti toka chuoni ili visichakae njiani. Akavua raba zake bapa, akaingiza miguu kwenye vile vyenye kisigino, akasimama kunyoosha sketi. Mwili ukamwendea mbele. Akarudisha mabega nyuma, kama anavyofanya kila mwanamke akivaa kiatu kirefu, bila hata kufikiri.

Halafu akafikiri.

"Yule mama," alisema polepole, "kwenye ule mfuko alikuwa na nini?"

"Mfuko upi?"

"Alikuwa ana mfuko. Anakwenda kazini saa saba. Mtu hapigi pasi siku nzima na viatu vya mahafali."

Profesa alifungua mdomo kujibu, na kwa mara ya kwanza tangu wamfahamu, akaufunga.

"Viatu vya kazi," Kimya alisema.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi. Mguu bandia haukunji kifundo kufuata kiatu. Unatengenezwa kwa kimo kimoja cha kisigino na unabaki nacho. Mguu wa yule mama haukuwa na kosa lolote. Fundi wake aliupanga kwa viatu bapa vya kazi, na ulikuwa sahihi. Kilichokosea ni kisigino kipya. Na wao, badala ya kutazama kiatu, walitazama mguu, kwa sababu ni watu wa miguu. Sasa akivaa vile vya kazi, goti litasukumwa nyuma kila hatua. Atapanda ngazi na kapu la mashuka, atasimama kwa muda wa saa nane mbele ya pasi ya moto, na mguu unaomwangusha chali.

"Mimi," Shangazi alisema, "miaka kumi na mmoja nimeuza visigino. Mimi ndiye nimesahau kuuliza kiatu."

"Tutampigia," Ratiba alisema.

"Namba yake unayo? Jina lake unalijua?"

Ratiba alitazama karatasi yake. Humo hamkuwa na safu ya mambo kama hayo. "Treni ya kurudi inapita kituo kijacho saa sita na dakika tano," alisema kwa shida. "Ukishafika kule, ya kuja mji wa tatu ni saa nane na nusu. Utaingia saa kumi. Shangazi, miadi yako ni saa nane."

"Najua ni saa ngapi."

Alipiga simu karakana. Karani alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mkuu ana watu watatu wanaoomba nafasi hii. Mmoja saa saba, wewe saa nane, mwingine saa tisa. Kisha tunafunga."

"Sitaweza kufika saa nane."

"Basi wapo wawili," karani alisema, akakata.

Shangazi alitazama dirishani kidogo. Mashamba yalikuwa yanapita, ya mtu yeyote, popote. Alimfikiria mwanawe mkubwa, aliyeiambia shule nzima kwamba mama yake atarudi na cheti chenye mhuri wa fedha. Kisha akaanza kuvua viatu vya miadi na kuvifunga tena kwenye gazeti.

"Nitakwenda mimi," Profesa alisema. "Ufunguo ni wangu."

"Ufunguo ni wako, mdomo uliosema geuza ni wangu. Lete."

"Shangazi, wewe ndiye mwenye miadi! Mimi nina karakana yangu tayari, sina cha kupoteza."

"Na ukifika pale ukakuta kiatu, utakifanya nini? Utakihutubia?"

Profesa alitoa ufunguo. Kimya alimtilia Shangazi mkate kwenye mkoba. "Nenda," alisema, na hilo lilikuwa neno lake la mwisho kwa siku hiyo.

Kiwanda cha dobi hakikuwa kigumu kupata. Kilikuwa kinafuka mvuke kama chungu. Ndani, joto lilimpiga Shangazi usoni. Meza ndefu zilipangwa safu mbili, mashuka meupe yalikuwa yananing'inia kwenye reli, na pasi zenye mabomba juu zilikuwa zinapumua zote pamoja. Mwishoni palikuwa na ngazi za chuma za kwenda ghala la juu, na katikati ya ngazi hizo alikuwapo mpiga pasi. Raba za kazi mguuni, kapu kiunoni, mkono mmoja umeng'ang'ania chuma. Alikuwa amejiegemeza nyuma kama mtu anayevuta kamba.

"Usipande!" Shangazi alipiga kelele. "Dada, shuka. Taratibu. Kaa."

"Wewe tena?" Mwanamke alikaa hapo hapo kwenye ngazi, jasho linamtiririka. "Nilidhani mguu umechoka tu leo. Nahisi kama napanda mlima hapa tambarare."

"Si mguu. Ni sisi."

Msimamizi alikuja, bwana mnene mwenye kalamu tatu mfukoni. "Huyu nani? Nani kamruhusu?"

"Nahitaji dakika kumi," Shangazi alisema.

"Tano."

Zilitosha. Mistari ya penseli ilikuwa bado ipo. Robo ikarudi, robo nyingine ikarudi, mstari wa juu ukakutana na wa chini. Mpiga pasi alisimama na raba zake, akapanda ngazi tatu, akashuka tatu. Mguu ulikuwa kama jana.

Shangazi alimweleza kila kitu, bila kujipaka mafuta. Mwanamke alisikiliza, akaitikia kwa kichwa. Hakugomba. Alitazama tu ule mfuko wa plastiki uliotundikwa msumarini.

"Kwa hiyo ukumbini niende na raba," alisema.

Hapo ndipo Shangazi angeweza kuaga. Alichoharibu alikuwa amekirudisha kilivyokuwa, na kama angekimbia angeiwahi treni ya saa nane na nusu. Badala yake alinyoosha mkono kwenye msumari.

"Nipe hivyo viatu. Na raba moja vua."

Aliweka kiatu cheusi na raba juu ya meza ya pasi, kisigino kwa kisigino, akainama mpaka jicho lilingane na ubao. Tofauti ilikuwa kidole kimoja, kidole chembamba. Akabonyeza soli, akapiga kisigino kwa kucha. Mbao iliyofunikwa ngozi. Kazi nzuri. Kidole kimoja kingetoka bila ncha ya kiatu kutazama juu.

"Fundi wenu wa mashine ana msumeno?"

"Unataka kukata viatu vya mwanangu?" mpiga pasi alishtuka.

"Nataka kukata kisigino. Viatu vitabaki."

Yule mama alikishika kiatu kimoja. Asubuhi alikuwa amewaamini wageni hawa mara moja, na matokeo aliyaona kwenye ngazi. Mwishowe alisema, "Ukiviharibu hivi, usije kuniomba radhi. Nenda kamwombe mwanangu."

Msumeno ulipatikana, na msasa, na gundi wanayobandikia mipira ya mashine. Shangazi alizungushia kila kisigino uzi, akachora, akabandua kipande cha mpira cha chini, akaanza kukata. Alikata kama alivyofundishwa, polepole, akizungusha kiatu na si msumeno. Msimamizi alikuja kusema dakika tano zimekwisha zamani, akaishia kushika kiatu ili kisitikisike. Vumbi la mbao lilidondoka juu ya kitambaa. Mpira ukarudishwa mahali pake, ukagandamizwa kwa pasi iliyopoa.

"Vaa."

Mpiga pasi alipita katikati ya meza, mashuka kushoto na kulia, mpaka mlango wa mbele. Akageuka, akarudi. Hakushika kitu. Pasi zilikuwa zimenyamaza zote, na mtu mmoja tu nyuma kabisa alisema, "Haya, mama mhitimu!" watu wakaangua kicheko.

Saa ya ukutani ilikuwa saa tisa kasoro. Miadi ilikuwa imekwisha.

Alipokuwa akisubiri treni, simu iliita. Alikuwa Ratiba.

"Tumekwenda sisi, saa nane kamili," alisema. "Sote watatu. Tumekaa kwenye kiti chako."

"Nani kawatuma?"

"Profesa amemwambia mkuu kila kitu. Nguzo, ufunguo, robo mbili. Hata ile sanamu. Mkuu alikuwa amesimama tu, mikono imejaa plasta."

"Akasema nini?"

"Kesho saa tatu atakuja kukagua tanuri lake. Amesema ukimkuta, umemkuta."

Jumapili saa tatu kasoro dakika ishirini Shangazi alikuwa mlangoni. Miguuni alivaa raba zake bapa. Viatu vya miadi aliviacha kwenye gazeti. Mkuu wa karakana alikuja kwa baiskeli. Alikuwa mama mfupi, nywele kama kofia ya mvi, na hakusalimia mpaka alipofungua kufuli.

Ndani kulikuwa na miguu kila mahali: mingine ya plasta, mingine ya plastiki, mingine imetundikwa kama nguo. Mkuu alichungulia tanuri, akaandika joto kwenye daftari, ndipo akageuka.

"Umefungua mguu wa mtu stesheni. Bila idhini, bila faili, bila fundi wake kujua."

"Ndiyo."

"Ungekuwa fundi wangu ningekufukuza."

"Ungekuwa na haki."

"Ulichora kabla ya kufungua?"

"Nilichora."

"Nani kakufundisha?"

"Baba yangu. Alikuwa fundi viatu. Na mimi pia."

Maneno yote aliyoyarudia kitandani yalikuwa yamemtoka kichwani. Akamweleza kuhusu ngazi, kidole kimoja, uzi na msumeno. Hakusema samahani hata mara moja, si kwa kiburi, bali hakukuwa na nafasi. Mkuu aliuliza, yeye akajibu, mkuu akauliza tena. Ulikata kwa mshazari wa digrii ngapi? Mpira wa chini uliurudisha ule ule? Ncha ilinyanyuka kiasi gani?

Kisha mama yule alimpeleka kwenye kabati refu la pembeni, akalifungua. Viatu vilimwagika. Vya wanaume, vya watoto, ndala, mabuti, kimoja kimoja na viwili viwili, vyenye vikaratasi vya majina.

"Watu huniletea," alisema. "Wanasema, nataka kuvaa hiki. Nina mafundi sita wa miguu. Hakuna hata mmoja anayejua kiatu. Wale wawili wa jana walifika kwa wakati, viatu vinang'aa, na nilipowauliza wamewahi kukosea nini, wote wakasema hawakumbuki."

Shangazi aliokota buti moja dogo, akalipindua, akalichungulia soli. Hakujizuia. "Hili limeliwa upande wa nje. Huyu mtoto mguu wake mmoja umeshakuwa mfupi."

"Jumatatu ya tarehe moja," mkuu alisema. "Saa moja asubuhi. Ukifungua skrubu bila kuniuliza, unaondoka siku hiyo hiyo."

"Karatasi ya chuo ninayo hapa."

"Lete nisaini kabla tanuri halijaniunguzia mguu wa watu."

Treni ya kurudi ilipita mji wa pili saa kumi jioni. Shangazi alikuwa amempigia dada yake simu, na dada yake alilia, halafu akauliza daraja lilikuwaje, na Shangazi akakumbuka kwamba hakuliona daraja. Ratiba alikuwa akiandika ratiba mpya nyuma ya karatasi ya zamani. Treni ilisimama dakika mbili.

"Yule pale!" Ratiba alisema.

Mpiga pasi alikuwa anatoka nguzo hadi nguzo, viatu vyeusi miguuni, kichwa juu. Hakuwaona. Alikuwa anatazama mbele, kama vile mwisho wa stesheni kulikuwa na kiti kilichowekwa jina lake. Alipita nguzo ya mwisho, hakugeuka, akaendelea.

Profesa aligandisha pua kwenye kioo. "Bega la kushoto linashuka kidogo," alisema. "Kidogo sana. Nadhani kama mtu ange..."

"Kaa chini!" wote watatu walisema, hata Kimya.